Shauri Lililomalizika kwa Njia ya Asili

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Stahamili kwenye ramani. Haipo, na kwa kuwa haipo, hakuna mkubwa wa nchi nyingine yoyote anayepaswa kujishuku. Serikali yake ilikuwa sikivu mno. Iliposikia wananchi wakilalamika kwamba mahakama ziko mbali, zina gharama na zinachelewa, haikukasirika wala haikukamata mtu. Iliunda Wizara ya Haki Nafuu, ikaipa waziri, waziri akapewa msafara, na chini ya waziri ikaundwa Idara ya Kufuatilia Maboresho ya Haki, ili maboresho yasije yakapita bila mtu kuyaona.

Bi Sihaba wa mji wa Kwambonde hakuwa na habari na wizara wala idara. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, muuza mboga, mwenye sauti ya kumfikia mteja aliye upande wa pili wa soko. Mumewe, Mzee Mabruki, alikuwa fundi viatu mpaka kiharusi kilipompooza upande mmoja. Miguu ilikataa, lakini ulimi ulibaki mzima. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, Bi Sihaba alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akampitisha mlangoni na kumsukuma hadi kwa muuza kahawa kichochoroni. Hapo mzee alicheza bao, akachokoza vijana, akaisema serikali na timu ya mpira kwa maneno yale yale, na mchana akarudishwa nyumbani ameshiba mazungumzo kuliko chakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake, na alikuwa ameridhika nayo.

Siku moja Bi Sihaba alichelewa sokoni. Mzee alikuwa na homa, kwa hiyo alikuwa amemwacha kitandani. Aliporudi hakuiona nyumba yake. Aliliona paa, akaliona bati lenye kutu, lakini pale ulipokuwa mlango palikuwa na ukuta wa tofali, saruji bado mbichi, umesimamishwa kwenye kizingiti chake kabisa. Nyuma ya ukuta alimsikia mumewe akimwita.

"Sihaba! Mbona kumekuwa giza humu ndani? Kuna nini?"

Ukuta ulikuwa wa Bwana Dafa, mfanyabiashara wa saruji aliyenunua kiwanja cha mbele ili ajenge ghala. Alikuwa amesimama pale pale, mnene, mwenye adabu, anapangusa jasho kwa kitambaa cheupe.

"Bwana Dafa, umeniziba mlango!"

"Hapana, dada yangu. Mimi nimejenga mpakani kwangu. Mlango wako ndio umegeukia vibaya."

"Kichochoro hiki ni cha watu wote. Tumepita hapa tangu sijaolewa!"

"Hilo sasa ni suala la madai," alisema Bwana Dafa kwa upole. "Nenda mahakamani. Siku hizi haki imesogezwa karibu sana."

Ikabidi Bi Sihaba azunguke hadi uani kwa jirani yake Mama Tunu, aegeshe ngazi, aingie kwake kwa dirisha kama mwizi. Mzee Mabruki alipoelezwa alicheka, kwa sababu alidhani ni jambo la siku mbili tatu. Homa ilipopoa, wanaume wa mtaa walijaribu kumtoa kwa dirisha hilo. Walimfunga kwa shuka, wakamshusha kichwa chini, akaning'inia hewani kanzu imemfunika uso, watoto wanatazama. Walipomrudisha ndani alikuwa analia, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona.

"Msinitoe tena hivyo," alisema. "Mimi si gunia. Nitatoka siku nitakayotoka kwa mlango."

Bi Sihaba alikwenda kwanza kituo cha polisi. Wakamwambia ukuta haujampiga mtu, kwa hiyo si kazi yao. Akaenda halmashauri kuomba kibali cha kutoboa mlango wa nyuma. Wakamwambia kibali hakitolewi kwa nyumba yenye mgogoro mpaka mgogoro uishe. Ndipo akaenda mahakamani, na huko alipokelewa vizuri kuliko kote. Karani alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwonyesha bango lililosema ADA ZA MAHAKAMA ZIMEFUTWA.

"Kwa hiyo sitalipa kitu?" aliuliza Bi Sihaba.

"Hutalipa ada, mama. Ada imefutwa kabisa. Utatoa tu mchango wa kugharamia kufutwa kwa ada."

"Na nisipokuwa nao?"

"Basi utajaza ombi la kusamehewa mchango. Ombi lenyewe lina ada, kwa sababu ombi si shauri, na zilizofutwa ni ada za mashauri."

Bi Sihaba alirudi nyumbani, akateremsha kwa dirisha nyundo, koleo na kalibu za viatu za mumewe, akaziuza. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Mzee Mabruki, shauri likafunguliwa kwa jina lake: Mabruki dhidi ya Dafa. Karani akalipiga muhuri na kutabasamu.

Shauri likaanza kuahirishwa. Liliahirishwa kwa kuwa hakimu alikuwa kwenye semina ya kupunguza uahirishaji. Likaahirishwa kwa kuwa jalada lilikuwa limepelekwa Idarani kufuatiliwa, na lilipokuwa linafuatiliwa halikuweza kusikilizwa. Mara moja wakili wa Bwana Dafa aliomba mdai aje mwenyewe mahakamani, mahakama imwone kwa macho. Bi Sihaba akaeleza kwamba hawezi kuja kwa sababu ya ule ukuta. Wakili akasimama, akasema kwa masikitiko kwamba mdai asiyefika mahakamani haonyeshi nia. Hakimu akaandika.

Mvua za kwanza zikapita, zikaja nyingine. Mzee Mabruki alikaa chumbani akitazama mlango uliofungukia tofali. Mwanzoni wenzake wa kahawa walikuja kumpigia kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, wakimhadithia nani kafungwa bao na nani kaoa tena. Naye alijibu kwa kupayuka, wakacheka pamoja bila kuonana. Kisha Bwana Dafa akaweka mlinzi, ghala lisisumbuliwe, na kelele zikakoma.

Ulipofika mwaka wa kuisogeza haki kwa mwananchi, Wizara ilileta Mahakama Inayotembea. Lilikuwa lori jeupe, safi, lenye paa la turubai, na juu yake meza, hakimu, karani na bendera. Wadai wote wa Kwambonde waliambiwa wakusanyike uwanja wa mpira. Bi Sihaba alifika alfajiri, akawakuta mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, mwalimu aliyefukuzwa nyumba na kuzuiliwa vyombo, na mama fundi cherehani ambaye mashine yake ilikuwa imefungiwa dukani na mwenye duka. Wote walivaa nguo zao za sikukuu.

Lori lilikuja. Likapita.

"Mahakama imefunguliwa!" karani alitangaza kwa kipaza sauti lilipoingia upande mmoja wa uwanja. "Mahakama imeahirishwa!" akatangaza lilipotokea upande wa pili.

Watu wakaduwaa, kisha wakaanza kukimbia. Kumbe Mahakama Inayotembea haikuruhusiwa kusimama. Idara ilikuwa inapima idadi ya miji iliyofikiwa kwa siku, na kusimama katika mji mmoja kungekuwa kuidhulumu miji mingine. Bi Sihaba alikimbia kandokando ya gurudumu, kanga mkononi, vumbi kinywani.

"Mheshimiwa! Mume wangu yumo ndani hajaona jua! Mlango umezibwa kwa tofali!"

Hakimu aliinama kidogo, kwa huruma ya kweli. "Hilo liandike, mama, uliwasilishe masijala!"

"Nimeshaliandika! Liko kwenu!"

"Basi vizuri sana!" hakimu alijibu kwa sauti, akizidi kuwa mbali. "Endelea hivyo hivyo!"

Fundi cherehani alianguka akachubuka magoti. Bi Sihaba alimwinua. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Mzee Mabruki alifariki msimu wa kipupwe. Aliamka, akaomba chai, akauliza kama ni Ijumaa, na kabla chai haijapoa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayewaza jambo. Bi Sihaba alikaa naye kitambo kirefu akiwa amemshika mkono ule mzima. Kisha akatoka kwa dirisha kwenda kuwaambia watu.

Msiba ulikaliwa uani kwa Mama Tunu. Wakati wa kumtoa maiti ulipofika, wanaume walisimama mbele ya dirisha wakatazamana. Wakamfunga vizuri, wakamshusha kwa kamba, na Bi Sihaba, ambaye desturi ilimtaka akae ndani na wanawake, alisimama chini ya dirisha akiwa amekinga mikono yote miwili. Kichwa cha mumewe kilimgusa kifuani. Hakulia. Watu walisema baadaye kwamba hapo ndipo walipoanza kumwogopa.

Msiba haujatanduka, Bi Sihaba amekaa chumbani kwake na wanawake wachache, alikuja mgeni. Alipanda ngazi akiwa amevaa suti, akaingiza mguu mmoja dirishani, akajitambulisha akiwa bado amekalia kingo: Afisa Semvua, kutoka Idara ya Kufuatilia Maboresho ya Haki. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye beji shingoni.

"Hongera sana, mama."

"Hongera ya nini? Mimi nimefiwa."

"Kwa hilo, pole. Hongera ni ya shauri. Limemalizika."

Bi Sihaba aliinuka mkekani. "Limemalizika? Nani kashinda?"

"Sisi hatuangalii nani kashinda, mama. Huko kungekuwa kuingilia uhuru wa mahakama. Sisi tunaangalia limemalizika au halijamalizika."

"Limemalizikaje, na hatukuitwa hata siku moja kusikilizwa?"

"Kwa njia ya asili," alisema Afisa Semvua, na sauti yake ikashuka kwa heshima. "Mdai ametutoka. Katika njia zote za kumaliza mashauri, utafiti wetu umeonyesha hii ndiyo nafuu zaidi. Haina mawakili, haina rufaa, na mhusika harudi kulalamika. Mwaka huu imetusaidia sana."

Bi Sihaba alimtazama yule mtu, beji yake, soksi zake.

"Na ukuta?"

"Ukuta haumo kwenye vipimo vyetu. Ila unaweza kufungua shauri jipya kwa jina lako. Hiyo ni haki yako ya kikatiba." Akasita. "Ningekuomba tu usubiri Wiki ya Haki ipite. Mheshimiwa Waziri anakuja, na wewe umechaguliwa kuwa Mnufaika Bora wa wilaya. Ukifungua shauri sasa utatuharibia."

"Mnufaika," alisema Bi Sihaba polepole.

"Utapewa cheti. Sherehe itafanyika hapa hapa mtaani kwako, ili wananchi waone."

Mama Tunu alikuwa ameshika mchi. Kama Bi Sihaba asingemshika mkono, Idara ingekuwa na afisa mmoja pungufu. "Mwache aende," Bi Sihaba alimwambia, kisha akamgeukia afisa. "Mheshimiwa, mwambie Waziri nitakuwepo. Nitakuwa nyumbani."

Wiki ya Haki ilifika. Walifagia kichochoro, wakapanga viti vya plastiki, wakapaka chokaa mawe na ukuta. Bendi ya shule ikapiga nyimbo. Kwa kuwa walihitaji mahali pa kutundika bango kubwa nyuma ya meza kuu, na kwa kuwa ukuta wa Bwana Dafa ndio uliokuwa mrefu na mpya kuliko zote, walilitundika hapo. Lilikuwa la kitambaa, la bluu, na maandishi yake yalisomeka hata na walio mbali: HAKI MLANGONI KWAKO.

Bwana Dafa alikaa safu ya mbele. Alikuwa ametoa soda.

Waziri wa Haki Nafuu, Mheshimiwa Profesa Kinyemi Rwambali, alisimama kuhutubia. "Ndugu wananchi! Zamani haki ilikuwa mlimani, leo haki iko bondeni! Zamani mnyonge aliifuata haki, leo haki inamfuata mnyonge mpaka mnyonge anachoka! Tumepima upatikanaji, umepanda! Tumepima gharama, zimeshuka! Tumepima ucheleweshaji, na ucheleweshaji wenyewe umekubali kwamba umepungua!"

Makofi yakapigwa. Baada ya makofi ikasikika sauti nyingine. Ilikuwa nzito, ikitoka nyuma ya bango.

"Na leo hii," aliendelea Waziri, "tunaye mama yetu, mnufaika wetu..."

Dum.

"...ambaye shauri lake limemalizika bila yeye kupoteza hata nauli..."

Dum. Bango likatikisika. Afisa Semvua alisimama, akakaa, akasimama tena.

Ndani ya nyumba, Bi Sihaba alikuwa amefungua mlango wake kwa upande wa ndani, na sasa alikuwa uso kwa uso na tofali. Nyundo kubwa ya kupasulia mawe alikuwa ameiazima kwa mume wa Mama Tunu. Hakuwahi kushika nyundo ya namna hiyo, na mapigo ya kwanza yaliumiza mabega yake kuliko ukuta. Lakini alipopiga alimwona mumewe ananing'inia hewani kanzu imemfunika uso. Akapiga. Akaliona lori jeupe likipita. Akapiga. Akasikia "hongera sana, mama," akapiga kwa nguvu ambayo hakujua alikuwa nayo, na tofali la kwanza likatoka.

Nje, watu waliona bango likivimba, kisha likapasuka katikati ya neno MLANGONI, na kichwa cha nyundo kikatokeza. Tofali liliangukia meza kuu. Waziri akaruka kando kwa wepesi usiotarajiwa kwa profesa. Vumbi likajaa, bendi ikaacha kupiga, na kupitia tundu, mweupe kwa chokaa kutoka kichwani hadi miguuni, akatoka Bi Sihaba.

"Nimefika," alisema. "Nasikia mna cheti changu."

Kabla vumbi halijatua, gari la polisi lilikuwa limeshafika. Na hapa ndipo Bi Sihaba alipoyaona maboresho kwa macho yake. Alifuatwa nyumbani kwake. Hakutoa nauli. Hakuombwa mchango wala ombi la kusamehewa mchango. Upelelezi ulikamilika njiani. Alipofikishwa mahakamani, jalada lilikuwepo, karani alikuwepo, hakimu alikuwepo, yule yule wa lori, na lori lilikuwa limeegeshwa nje, limesimama kabisa.

Kosa: kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Mashahidi walisikilizwa mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kuambiwa arudi siku nyingine. Bwana Dafa alieleza uchungu wake. Nyuma ya ukumbi walikuwa wameketi watu wa madai, wale wanaokuja kila siku kusikia mashauri yao yakiahirishwa: mjane wa shamba, mwalimu, fundi cherehani. Walikuwa wanatazama kwa makini sana.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "mahakama imekutia hatiani. Una lolote la kusema kabla ya adhabu?"

Bi Sihaba alishika ukingo wa kizimba. Chokaa ilikuwa bado kwenye kope zake.

"Ninalo. Mume wangu aliwaomba kitu kimoja, kupita mlangoni kwake. Mkamwambia asubiri. Akasubiri mpaka akafa, mkaja kunipongeza. Mimi nilidhani ninyi hamwezi. Nilidhani mna kazi nyingi, mna uchache wa watu, hamna karatasi. Niliwahurumia, Mheshimiwa! Nilikuwa narudi nyumbani namwambia mzee, tuwavumilie, hawana uwezo. Leo nimeona. Uwezo mnao. Kuanzia asubuhi mpaka mchana mmemsikiliza Dafa, mmemfuta machozi, mmemaliza. Kwa hiyo siku zote zile mlikuwa mnaweza. Mlikuwa hamtaki."

Hakimu alisogeza kalamu kushoto, kisha kulia. Halafu akampa kifungo cha miezi mitatu.

Alipokuwa anapandishwa garini, Afisa Semvua alimfuata mbio akiwa na hojaji. "Samahani, mama. Kuanzia moja hadi kumi, umeridhika kiasi gani na kasi ya mahakama leo?"

"Kumi," alisema Bi Sihaba, akamtemea mate kwenye kiatu. Afisa akaandika kumi.

Gerezani hakukaa peke yake kwa muda mrefu. Kabla mwezi haujaandama aliletwa yule mjane, ambaye alikuwa ameng'oa ua walilojenga shemeji zake, akalichoma moto na kupanda mihogo yake. Baada yake akaja fundi cherehani. Alikuwa amevunja mlango wa duka.

"Na mashine yako?" aliuliza Bi Sihaba.

"Majirani waliibeba nilipokuwa nakamatwa. Iko kwangu."

"Ulisikilizwa lini?"

"Siku hiyo hiyo, dada."

Wakaja wengine, kutoka Kwambonde na miji ya mbali, wanawake walioeleza habari zao wakikunja mikono ya sare za gereza iliyowazidi urefu. Jioni moja askari aliacha redio wazi. Waziri wa Haki Nafuu alikuwa anahutubia wageni kutoka nje. Alitangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri ya Stahamili, hakuna shauri jipya hata moja la madai lililofunguliwa katika robo ya mwaka. Masijala zilikuwa tupu. Wananchi, alisema, hawana tena migogoro. Wageni walipiga makofi marefu. Selo nzima ilisikiliza makofi hayo bila kucheka.

Bi Sihaba alitoka gerezani siku ya mvua nyembamba. Kichochoroni tundu lilikuwa bado pale pale. Bwana Dafa alikuwa amejaribu kuliziba, lakini fundi wa Kwambonde hakupatikana hata mmoja, na mafundi aliowaleta kutoka mbali walimkuta muuza kahawa amehamishia jiko lake kwenye tundu lenyewe, wateja wamekaa juu ya tofali. Wakarudi walikotoka.

Watu walimpisha. Akapita mlangoni kwake kwa miguu yake, akasimama katikati ya chumba. Mwanga ulikuwa umeingia hadi kwenye ukuta wa mwisho, ukiangaza vumbi kwenye kiti cha magurudumu. Alikaa humo ndani peke yake muda, na aliporudi nje macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya sokoni.

Yule mwalimu aliyezuiliwa vyombo alikuwa anamngoja, na nyuma yake watu wengine, kila mmoja na shauri lake.

"Mama," alisema mwalimu, "tumekubaliana twende kwa mwenye nyumba wangu. Wengine wanasema jioni, akiwa hayupo. Wewe waonaje?"

Bi Sihaba aliwatazama mmoja mmoja.

"Nendeni asubuhi," alisema. "Wakiwakamata mapema, mtasikilizwa kabla ya chakula cha mchana."